Mtoto Akiumia Shuleni: Haki ya Fidia na Njia ya Kuifuata

Mzazi anapomwacha mtoto wake mlangoni mwa shule, humkabidhi mwalimu amana. Tangu kengele ya asubuhi mpaka ile ya kutoka, si baba wala mama awezaye kuona kama mtoto anapanda ukuta, kama anapigwa jiwe na mwenziwe, au kama amekaa chini ya paa ambalo misumari yake imekwisha kulegea. Kwa sababu hiyo sheria haikumwacha mzazi mikono mitupu. Lakini haki iliyoandikwa katika sheria haiji nyumbani kwa miguu yake yenyewe. Hutafutwa, tena hutafutwa mapema. Katika mji wa Bujumbura si ajabu kumkuta mzazi anayeianza safari hiyo akiwa amekwisha kupoteza nusu ya ushahidi wake.

Hapana budi kukumbuka hali ya shule zenyewe. Mwezi Septemba 2005 karo ya shule za msingi ilifutwa nchini Burundi, na watoto wakamiminika madarasani kwa wingi usiopata kuonekana. Mwaka 2013 shule ya msingi ikaanza kugeuzwa kuwa ya miaka tisa, hata mtoto wa miaka saba na kijana wa miaka kumi na sita wakajikuta katika uwanja mmoja wa michezo. Mahali pengi wanafunzi husoma kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana, na saa ile makundi mawili yanapopishana langoni ndiyo saa ya msukumano. Neema ya elimu kwa wote ni kubwa, wala hakuna mzazi wa Buyenzi au Kamenge atakayeomba irudishwe nyuma. Lakini mwalimu mmoja mbele ya umati wa watoto hana macho ya kutosha, na uwanja wenye mawe, mashimo na vyuma haumsaidii.

KWANZA MTOTO, KISHA MADAI

Msomaji achukue mfano wa mwanafunzi wa miaka tisa aliyepigwa jiwe la jicho wakati wa mapumziko. Mwalimu humwosha uso, humfunga kitambaa, humketisha kivulini mpaka saa ya kutoka. Jioni mama humwona mtoto ana uvimbe, humkanda kwa maji ya uvuguvugu, naye mtoto hulala. Siku ya tatu uvimbe umepungua na kila mtu anashukuru. Kumbe jicho lililopigwa kwa nguvu laweza kuonekana zima kwa nje, huku ndani mna damu iliyovuja au shinikizo linaloharibu mshipa wa kuona polepole. Na mtoto mdogo hajui kusema kwamba jicho moja linaona giza, kwa kuwa la pili linamfanyia kazi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni daktari, siku ile ile. Mtoto aliyegonga kichwa akaanza kutapika, kusinzia kupita desturi au kusema maneno yasiyo na mpango, apelekwe hospitali hata kama ni usiku. Mkono uliovunjika karibu na kiwiko usifungwe vijiti kwa nguvu na fundi wa mtaani. Bendeji ikikaza mno damu haipiti, na kumekuwa na watoto waliokatwa mkono si kwa sababu ya kuvunjika bali kwa sababu ya kufungwa. Jamaa za askari wanazo Hospitali ya Kijeshi ya Kamenge na hospitali nyingine za mji. Wengine huenda Prince Régent Charles au hospitali ya Chuo Kikuu iliyoko Kamenge.

Daktari wa siku ya kwanza hufanya kazi mbili bila kukusudia. Huponya, tena huandika. Maandishi yake, yenye tarehe, saa na maelezo ya jeraha, ndiyo yatakayosema miaka miwili baadaye kwamba mtoto alitoka shuleni akiwa ameumia, wala hakuumia nyumbani alipokuwa akichota maji. Mzazi anayempeleka mtoto hospitali baada ya wiki tatu atakuta swali hilo linamngoja, naye hatakuwa na jibu ila kiapo chake.

SHERIA YASEMAJE

Msingi wa madai haya ni wa zamani sana. Ni ile sheria ya mikataba na wajibu ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo, ikaletwa Ruanda-Urundi wakati wa utawala wa Wabelgiji, na mahakama za Burundi zikairithi. Kifungu cha 258 kinasema kwa maneno machache kwamba kila tendo la mtu linalomletea mwingine hasara humlazimu yule aliyekosa kuifidia. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kutoangalia. Maana yake ni kwamba mzazi anayedai lazima aonyeshe mambo matatu: kosa, hasara, na kwamba hasara imetokana na kosa lile. Mtoto kuumia peke yake hakutoshi. Watoto hujikwaa kila siku wakikimbia, na mahakama haiwezi kumtoza mtu fedha kwa sababu mtoto ana magoti.

Hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa, nao hukosea, kwa kuwa kifungu cha 260 kinawapunguzia mzigo. Kifungu hicho kinamtaja mwalimu. Chasema kwamba mwalimu hujibu kwa hasara iliyoletwa na wanafunzi wake wakati wakiwa chini ya uangalizi wake, isipokuwa athibitishe kwamba hakuweza kulizuia tendo lile. Msomaji na aone tofauti. Mtoto akiumizwa na mwanafunzi mwenziwe, kama yule aliyepigwa jiwe la jicho, si mzazi anayelazimika kuthibitisha kwamba mwalimu hakuangalia. Ni mwalimu anayetakiwa kueleza alikuwa wapi, na kwa nini asingeweza kuzuia. Akiwa alikuwa ofisini akinywa chai huku uwanja mzima hauna mtu mzima hata mmoja, maelezo yake yatakuwa magumu. Akiwa alikuwa hatua tano kutoka hapo na jiwe likarushwa ghafula, huenda akaeleweka.

Lakini mtoto akianguka mwenyewe, kifungu hicho hakimsaidii, kwa kuwa hakuna mwanafunzi mwingine aliyeleta hasara. Hapo mzazi hurudi kwenye kazi ya kuthibitisha kosa: kwamba choo kilikuwa na shimo lililojulikana na halikufunikwa, kwamba watoto walitumwa kupanda juu ya meza kufuta vumbi la dari, kwamba goli la chuma halikuchimbiwa ardhini. Na kama ni jengo lenyewe lililoanguka, ukuta au paa, kifungu cha 262 humwelekea mwenye jengo, ikiwa liliporomoka kwa kukosa matengenezo au kwa ubovu wa ujenzi. Katika mji ambao pepo za mvua hung'oa mabati, kifungu hiki si cha kupambia kitabu.

Namna ya tatu ni mwalimu mwenyewe kumpiga mtoto akamjeruhi. Hilo si suala la fidia tu, ni kosa la jinai, na njia yake hupita polisi na parke. Fimbo haigeuki kuwa malezi kwa sababu iliyoishika ni mkono wa mwalimu, wala mzazi aliyetoa ruhusa ya "kumrudi" mtoto hakutoa ruhusa ya kumvunja.

NANI HASA ANADAIWA

Mwalimu ana mshahara mdogo. Kumdai yeye peke yake ni kushinda kesi na kukosa malipo. Ufaransa iliona jambo hilo mapema, na kwa sheria ya tarehe 5 Aprili 1937 ikamwondoa mwalimu mwenyewe katika madai ya namna hii. Anayedaiwa pale ni serikali. Katika sheria iliyorithiwa Burundi, kifungu kile kile cha 260 chasema kwamba mwajiri hujibu kwa makosa ya aliowaajiri katika kazi aliyowapa. Basi mzazi hana budi kujua kwanza shule ni ya nani. Shule ya serikali ina serikali nyuma yake. Shule ya mtu binafsi, na Bujumbura zimekuwa nyingi, ina mwenyewe, na pengine ina bima. Shule za makubaliano, zile ambazo kanisa au jumuiya ya Kiislamu husimamia huku walimu wakilipwa na serikali, zahitaji uangalifu zaidi, kwani kila upande huweza kumwelekeza mzazi kwa mwenziwe. Dawa yake ni kuwaandikia wote wawili barua moja, siku moja, na kubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Bima yastahili neno. Mkuu wa shule aulizwe waziwazi, tena kwa maandishi: je, wanafunzi wamewekewa bima ya ajali, na kampuni ni ipi? Wazazi wengine hulipa franga kadhaa mwanzoni mwa mwaka bila kuuliza ni za nini, na huenda bima imo humo. Bima ya ajali hulipa bila kutafuta nani mkosa, ila huweka muda mfupi wa kutoa taarifa. Mzazi akichelewa, mlango hufungwa. Na ikiwa mtoto aligongwa na gari mbele ya lango, hapo kuna bima nyingine kabisa, ile ambayo kila mwenye gari amelazimishwa na sheria kuwa nayo. Namba ya gari iandikwe kabla ya jambo lingine lolote.

Watumishi wa serikali, pamoja na askari na polisi, wana kadi ya Mutuelle de la Fonction Publique, mfuko ulioundwa mwaka 1980, ambao hubeba sehemu kubwa ya gharama za matibabu ya jamaa zao. Mtoto wa shule ya vidudu ambaye hajatimiza miaka mitano hutibiwa bure katika hospitali za umma tangu tarehe 1 Mei 2006. Misaada hii isimfanye mzazi aseme hana cha kudai. Franga ambazo mfuko umelipa hawezi kuzidai mara ya pili, lakini zile alizotoa mfukoni, nauli, dawa zisizokuwamo, siku ambazo mama hakwenda sokoni kuuza, hizo ni zake. Na maumivu na kilema cha mtoto havikulipwa na kadi yoyote.

KARATASI ZA SIKU ZA KWANZA

Askari polisi ajua zaidi ya mtu yeyote kwamba neno lisiloandikwa hupotea. Kazini kwake huandika PV kwa kila kuku aliyeibwa. Ajabu ni kwamba mtoto wake mwenyewe akivunjika mkono shuleni, huenda akaridhika na maneno ya mkuu wa shule yaliyosemwa wamesimama.

Katika siku mbili tatu za kwanza, mzazi aombe shule iandike taarifa ya tukio: siku, saa, mahali, mwalimu wa zamu, watoto waliokuwapo. Shule ikikataa, yeye mwenyewe aandike aliyoyasikia na kuyapeleka kwa barua, akiomba kusahihishwa kama amekosea. Barua isiyojibiwa nayo ni ushahidi. Majina ya watoto walioona yachukuliwe kwa ruhusa ya wazazi wao, kwani mtoto husahau upesi na hubadilisha habari kwa kufuata wakubwa. Shimo, ukuta, msumari au goli lipigwe picha. Siku hizi simu ya jirani yatosha. Jambo hili hasa lisingoje, kwa sababu shule yenye busara hufukia shimo siku ya pili, na yafaa ifanye hivyo, lakini baada ya kufukiwa hakuna atakayeamini lilikuwapo. Stakabadhi za hospitali, za duka la dawa na hata za usafiri zihifadhiwe katika bahasha moja, mahali ambapo mvua na watoto wadogo hawafiki.

Kama kuna shaka ya uzembe mkubwa au kipigo, taarifa ipelekwe polisi. Polisi au parke ndio wanaoweza kumtaka daktari rasmi atoe ripoti ya jeraha, nayo ina uzito kuliko cheti ambacho mzazi amekiomba mwenyewe.

MAPATANO YA HARAKA

Desturi ya Burundi hupenda upatanisho, na desturi hiyo ni njema. Bashingantahe wamesuluhisha ugomvi wa mashamba na wa ndoa kwa vizazi vingi kabla ya majaji kuvaa majoho. Shule nayo ni jirani. Watoto wengine wa nyumba hiyo hiyo bado wanasoma pale, na mama haoni raha kumpeleka mahakamani mtu atakayekutana naye kila asubuhi. Kukaa na kupatana ni jambo la heshima.

Hatari iko katika haraka. Mkuu wa shule huja jioni na wazee wawili, pole nyingi na bahasha ya kulipia bendeji. Karatasi hutolewa: mzazi amepokea kiasi fulani na "maneno yamekwisha". Mzazi mwenye deni la dawa hutia sahihi. Miezi minane baadaye daktari asema jicho halitaona tena.

Mwili wa mtoto haujamaliza kukua, na hilo ndilo linalofanya jeraha lake kuwa tofauti na la mtu mzima. Mfupa uliovunjika karibu na kiungo, mahali unapokulia, huweza kuunga vizuri na kisha ukakua upande mwaka hadi mwaka. Hakuna mzee wa mtaa, wala mwalimu, wala hata daktari awezaye kujua katika wiki ya kwanza thamani ya hasara ya namna hiyo. Kwa hiyo msaada wa gharama za matibabu upokelewe, kwa shukrani, lakini karatasi iseme waziwazi kwamba ni malipo ya awali na kwamba madai ya kilema yatangoja kauli ya daktari, kidonda kitakapokuwa kimetulia. Nakala ziwe mbili, na mashahidi watie sahihi wa pande zote. Shule yenye nia njema haitakataa maneno hayo. Ikikataa, mzazi atakuwa amejifunza jambo.

SARE IBAKI NYUMBANI

Baba mwenye sare apatapo habari kwamba mwanawe ameumizwa, damu humchemka. Lakini aende shuleni kwa nguo za nyumbani, pamoja na mkewe, na silaha ibaki kambini. Mwalimu aliyetishwa hugeuka kuwa mlalamikaji, na faili ya mtoto hufunikwa na faili ya baba. Maneno yoyote ambayo mwalimu ataandika mbele ya bunduki hayatakuwa na maana mbele ya jaji.

Na baba akiwa mbali? Kuanzia mwisho wa mwaka 2007, kwa miaka zaidi ya kumi na mitano, vikosi vya Burundi vilitumika Somalia, na wake wengi wa askari wakaendesha nyumba peke yao. Mama asikubali kuambiwa arudi mume atakapokuja. Sheria ya watu na familia ya mwaka 1993, ambayo ilimfanya mume kuwa mkuu wa nyumba, yasema vilevile kwamba mume asipokuwapo mke huchukua nafasi yake. Mtoto mwenyewe hawezi kushtaki. Huwakilishwa na mzazi au mlezi. Mama ni mzazi, na sahihi yake yatosha kuanzisha barua, taarifa ya polisi na madai.

IKIFIKA MAHAKAMANI

Mapatano yakishindikana, njia ni mbili. Kama parke imefungua kesi ya jinai, mzazi huweza kuingia humo akiomba fidia, naye hunufaika na ushahidi uliokusanywa na dola. Kama hakuna jinai, hufungua madai ya kawaida. Madai dhidi ya serikali yana utaratibu wake, na ni vema kumwona wakili kabla ya kuchagua mlango, kwa sababu kesi iliyopelekwa mahakama isiyohusika hurudi mikono mitupu baada ya mwaka. Asiye na uwezo aombe komine cheti cha ufukara, ambacho humwondolea gharama za kufungua kesi.

Subira itahitajika. Nchini Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, wilaya ya Machakos, liliteketea na wavulana 67 wakafa. Moto uliwashwa kwa makusudi, na mtu angeweza kudhani kwamba shule haina la kujibu. Lakini madirisha yalikuwa na nondo, mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na wanafunzi walilala wamesongamana. Wazazi walidai kwamba waliokufa wangeweza kutoka kama bweni lingekuwa bweni. Iliwachukua miaka ipatayo kumi na mitano kuipata hukumu ya fidia. Kwao hapakuwa na mtoto wa kutibu kwa fedha hizo.

Jaji huhesabu gharama zilizotumika, zile zitakazotumika, asilimia ya kilema kama daktari alivyoiandika, maumivu, na kazi ambazo mtoto hataweza kuzifanya akikua. Kila kimoja huombwa kwa jina lake. Jaji hatoi kisichoombwa. Hukumu ikitoka, mzazi huomba nakala yenye amri ya utekelezaji, hulipa ada yake, na aliyeshindwa hudaiwa.

Fedha hizo ni za mtoto. Baba na mama huzitunza tu mpaka atakapotimiza miaka 21, umri wa utu uzima kwa sheria ya 1993. Zinunue miwani, zilipe mguu wa bandia ambao lazima ubadilishwe kila mtoto anaporefuka, zimfikishe chuo ambako hahitaji macho mawili ili afanye kazi. Shemeji atakuja, kama kawaida ya mashemeji, na shauri la pikipiki ya teksi itakayorudisha mtaji kwa miezi sita. Akaribishwe chai, aelezwe kwamba fedha zimewekwa benki kwa jina la mtoto.